Zima, Laza au Chomoa: Kompyuta ya Nyumbani na Umeme wa Visiwani

Hoja ya wanaosema kompyuta isizimwe ni kongwe, na ina asili yake. Kinachoiua mashine, wanasema, ni kuwashwa. Ukiiwasha, vyuma vinapata moto na kutanuka. Ukiizima, vinapoa na kusinyaa. Nenda-rudi hiyo inazilegeza lehemu za madabodi, ile bodi kuu ya ndani, kidogo kidogo mpaka moja inaachia. Basi iache iwake, ikae kwenye joto lake, itadumu.

Kwa mashine za zamani walikuwa na haki. ENIAC, kompyuta ya Wamarekani iliyozinduliwa 1946, ilikuwa na valvu zipatazo 18,000, na nyingi ya zilizoungua ziliungua wakati wa kupata moto au kupoa, kwa hiyo waliokuwa wakiihudumia waliona afadhali isizimwe kabisa. Hadi diski za miaka ya 1980 nazo zilikuwa na maradhi yao: diski ikisimama, kichwa cha kusomea kilitua juu ya sahani yenyewe, na mara nyingine kilinata hapohapo, mota ikashindwa kuanza. Siku hizi kichwa kinaegeshwa pembeni, nje ya sahani, na diski nyingi zimeidhinishwa na viwanda vyao kuegesha mara 300,000 hadi 600,000. Anayewasha na kuzima mara tatu kwa siku kwa miaka kumi hajafika hata mara 11,000. SSD, diski ya chipu tupu, ndiyo haina kichwa wala sahani. Kwa hiyo hofu ya kitufe tuiweke kando.

Tatizo ni kwamba ushauri huo, na ule wa kinyume chake, umeandikwa na watu ambao umeme wao hauwasumbui. Unguja na Pemba jambo hili linaamuliwa na waya unaoingia nyumbani na hewa inayoingia dirishani. Umeme wa Unguja unavuka bahari kwa kebo kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba: ya kwanza ya megawati 45, mwaka 1980, na ya pili ya megawati 100, mwaka 2013. Pemba ilipata yake kutoka Tanga mwaka 2010, megawati 20, na kabla ya hapo ilikuwa ikiishi kwa majenereta ya dizeli. Waliokuwepo hawajasahau giza la Mei 2008, wala ile miezi mitatu ya giza iliyoanza Disemba 2009 hadi Machi 2010. Lakini giza refu, pamoja na adha zake zote, haliiunguzi kompyuta. Inaunguzwa na mambo madogo ya kila wiki: umeme unaopepesa, umeme mdogo wa jioni, na zaidi ya yote, zile dakika za mwanzo umeme unaporudi.

Umeme ukirudi

Umeme ukikatika mtaa mzima, mafriji, mapampu ya maji na viyoyozi vinabaki swichi zikiwa chini, hakuna anayezunguka kuvizima. Ukirudi, vyote vinaamka pamoja, na mota inapoanza huvuta umeme mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikishatulia. Volti zinaporomoka, zinapanda, pengine umeme unakatika tena baada ya nusu dakika na kurudi mara ya pili. Kompyuta iliyoachwa ikiwaka inaingia kwenye purukushani hiyo kifua wazi.

Hata kupepesa tu kunatosha. Pawa saplai, kile kijisanduku kinachoigeuzia kompyuta umeme wa ukutani, ina kapasita kubwa moja au mbili zinazoweka akiba, na akiba hiyo ni ya milisekunde 16 hivi mzigo ukiwa mkubwa. Mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20. Ndiyo maana taa inapepesa mara moja, feni ya dari haishtuki, lakini kompyuta inajizima na kuanza upya, na kazi ya mtoto wa skuli ambayo haikuhifadhiwa imekwenda. Umeme mdogo nao una njama yake: pawa saplai lazima itoe wati zilezile, kwa hiyo volti zikishuka inavuta ampia zaidi, na ampia zaidi ni joto zaidi ndani ya kijisanduku ambacho tayari kimejaa vumbi.

Balaa kubwa kuliko yote ni nyutro, waya wa kurudishia umeme, kuachia, na watu wengi huilaumu radi kwa kazi ya nyutro. Nyumba ya kawaida inapata fezi moja na nyutro, volti 230. Laini ya mtaa ina fezi tatu, na baina ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ya mtaa ikikatika, au ikioza kwenye kiungo (na hewa ya chumvi inavipenda sana viungo vya alumini na shaba), nyumba zinajikuta zimeshikana baina ya fezi mbili. Yenye vitu vingi vimewashwa inabaki na volti chache. Yenye taa mbili na kompyuta inabebeshwa 300 na zaidi. Volti 300 za ukutani zikishanyooshwa ndani ya pawa saplai zinapita 420, na kapasita zilizomo humo mara nyingi zimeandikwa 400, zikizidi 450. Zinavimba, zinapasuka, fyuzi inakatika kwa mlio. Dalili ya nyutro inayoachia si ngumu kuijua: taa zinang'aa kupita kawaida yake na feni inakwenda mbio, kisha jirani akiwasha kitu zinafifia. Ukiona hivyo zima meni swichi ya nyumba kwanza. Kupiga simu na kuuliza majirani baadaye.

Kinga ya kwanza haina gharama. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijaanza: mashine nyingi za HP ni F10, Dell ni F2, Lenovo za mezani ni F1, bonyeza mfululizo mara tu baada ya kuwasha. Tafuta mstari unaosema kompyuta ifanye nini umeme ukirudi, mara nyingi umeandikwa "AC Recovery" au "After Power Loss". Kuna machaguo matatu: ibaki imezimwa, iwake, au irudi katika hali iliyokuwa nayo. Weka ibaki imezimwa. Mashine za ofisini zilizotumika, zinazoshushwa kwa makontena kutoka Uingereza na Dubai na kuuzwa tena madukani, mara nyingine huja zimewekwa kurudi katika hali iliyokuwepo, kwa sababu huko zilikotoka ofisi ilitaka hivyo. Ukiiacha hivyo, na umeme ukakatika kompyuta ikiwa inawaka, ukirudi saa tisa za usiku inawaka peke yake katikati ya zile dakika mbaya, ukikatika inazimika, ukirudi inawaka tena, na wewe umelala.

Na mashine ikiwa ya zamani, hasa ya kutoka Marekani au Japani, angalia nyuma ya pawa saplai kama kuna kiswichi chekundu. Kikisomeka 115, kisogeze hadi 230 kabla plagi haijagusa ukuta. Hapa hakuna majaribio, ni mlipuko mmoja na safari ya kwenda kununua nyingine.

Umeme ukirudi mchana ukiwa nyumbani, subiri. Frijigadi hukaa dakika kadhaa kabla ya kuliruhusu friji, na kompyuta inastahili subira hiyohiyo na zaidi kidogo. Dakika kumi zinatosha: friji limeanza na kutulia, pampu ya jirani imeanza na kutulia, taa hazichezi.

Chumvi, na ile hali ya katikati

Sasa lile ambalo ushauri wa watu wa nchi kavu haulitaji. Chumvi ya bahari, unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, inanyonya maji kutoka hewani mpaka inayeyuka yenyewe. Kikopo cha chumvi jikoni wakati wa masika ni shahidi wa kutosha. Visiwani hewa ya usiku huwa juu ya kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka, na masika hata mchana. Vumbi linaloingia ndani ya kompyuta ya Shangani, Nungwi au Wete lina chumvi hiyo. Likilowa juu ya madabodi linakuwa utando mwembamba unaopitisha umeme, na penye umeme shaba inaanza kuliwa: kwanza doa jeusi, kisha unga wa kijani kwenye miguu ya chipu na kwenye zile njia nyembamba za shaba.

Mashine inayofanya kazi haiteseki sana na hilo, kwa kuwa ndani yake ni moto kuliko chumba, nyuzi 5 hadi 10 hivi, na hewa ikipata moto unyevu wake unapungua. Iliyochomolewa nayo inaweza kulowa, lakini umeme wa kuila haupo, ukiondoa ule mdogo wa betri ya saa. Inayoumia zaidi ni ya katikati: umeizima kwenye Windows, umeondoka, plagi iko ukutani na swichi iko chini. Pawa saplai ya namna hiyo haijalala. Inaendelea kutoa volti 5 usiku kucha ili kitufe cha kuwashia kipate uhai, na ushahidi wake ni ile taa ndogo ya kijani kwenye madabodi au kwenye tundu la kebo ya mtandao. Bodi baridi, unyevu, chumvi, na volti 5 juu yake. Mtu akitaka kutengeneza mtambo wa kuila shaba taratibu, hahitaji kingine.

Kwa hiyo neno letu ni hili: kompyuta ya visiwani ama ifanye kazi, ama ichomolewe. Kuzima maana yake ni kuzima mpaka ukutani. Soketi zetu zina swichi, tuzitumie.

Chumba chenye kiyoyozi kina mtego wake. Ukizima kiyoyozi na kufungua madirisha, hewa ya nje yenye unyevu inakutana na bati lililopoa na kuacha jasho, sawasawa na chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Kama chumba kilikuwa baridi na kompyuta ilikuwa imezimwa, ipe nusu saa hadi saa nzima madirisha yakiwa wazi kabla hujaiwasha. Ikiwa inafanya kazi wakati unafungua, haina neno.

Kuna na wadudu. Sisimizi wanapenda joto na wanaingia kwenye soketi na ndani ya pawa saplai. Mjusi wa ukutani naye, hasa miezi ya kusi usiku ukipoa, hutafuta pa kujilaza. Mjusi akikanyaga sehemu mbili zenye tofauti ya volti 300, wanakufa wote wawili, yeye na saplai. Hakikisha vibati vya kuziba nafasi za kadi nyuma ya kasha vyote vipo. Kikikosekana kimoja, kipande cha kadibodi na utepe kinatosha.

Joto la kaskazi na hesabu ya kapasita

Anayeacha mashine ikiwaka mchana na usiku anaokoa lehemu na kuchoma kapasita. Kapasita za kawaida zina maji maji ndani yake yanayokauka kwa joto, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikipungua umri unaongezeka maradufu. Chukua kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105. Ikifanya kazi kwa nyuzi 65, tofauti ni nyuzi 40, yaani maradufu mara nne: saa 32,000. Mwaka una saa 8,760. Ikiwaka bila kuzimwa itafika miaka mitatu na nusu na ushei. Ikiwaka saa sita kwa siku, miaka kumi na nne. Na hiyo ni nyuzi 65. Januari na Februari, chumba cha mabati bila dari, kasha limesukumwa kwenye pembe ya ukuta, nyuzi 75 si ajabu, na hesabu yote inakatwa nusu.

Feni nazo zina mafuta yanayokauka, na feni inayozunguka saa 24 inavuta vumbi la saa 24. Ukiona kasha linanguruma, lifungue, shika feni kwa kidole isizunguke, kisha puliza vumbi nje ya nyumba. Kuiacha izunguke kwa upepo wa blowa kunaharibu beringi zake.

Uniti

Kwa wenye mita za Tukuza, za kulipia kabla, hesabu ni nyepesi. Kompyuta ya mezani ya kawaida, isiyo ya magemu, ikikaa bila kufanya kitu hutumia wati 50 hivi, skrini ikiwa imezimwa. Ukiitumia saa sita na kuiacha ikiwaka saa 18 zilizobaki, ni wati-saa 900, karibu uniti moja kwa siku, uniti 27 kwa mwezi. Friji dogo lisilo na hitilafu linakula kiasi hichohicho, na angalau friji lina maji baridi ndani yake. Ukiilaza badala ya kuiacha, wati 3 kwa saa 18 ni uniti moja na nusu hivi kwa mwezi. Ukiizima bila kuichomoa, wati 1 au pungufu, nusu uniti. Zidisha mwenyewe kwa bei unayonunulia.

Skrini inayoonyesha samaki wakiogelea haijapumzika. Inatumia umeme uleule wa skrini inayofanya kazi. Ile ilikuwa dawa ya vioo vya zamani vya kichogo. Weka skrini ijizime baada ya dakika tano, uyaache mapambo.

UPS inafanya nini na haifanyi nini

Anayeweza kununua kitu kimoja tu, anunue UPS, kisanduku cha betri kinachoilisha kompyuta umeme ukikatika, yenye AVR ndani yake, ile inayonyanyua umeme mdogo na kushusha mkubwa bila kugusa betri. Ekstensheni yenye maandishi ya kuzuia mshtuko inasaidia, lakini kijidude kilichomo humo kinachakaa kila kinapokula pigo, taa yake ya kinga ikizima imebaki kuwa ekstensheni tu. Tena sehemu ya kazi yake ni kulimwaga pigo kwenye erthi, na ekstensheni nyingi zina pini ya tatu ambayo ndani haikuungwa na kitu. Kama ukigusa bati la kompyuta miguu ikiwa peku unahisi kuwasha-washa kwenye vidole, ujue erthi haipo: kichujio cha pawa saplai kinalipandisha bati hadi nusu ya volti za ukutani, kwa mkondo mdogo. Upande wa mashariki wa Unguja, Paje, Jambiani na Makunduchi, ardhi ni mwamba wa matumbawe na kigingi cha erthi hakizami kirahisi, kwa hiyo hili si la kudharau. Muite fundi mwenye mita aipime.

Turudi kwenye UPS. Iliyoandikwa 650 VA haibebi wati 650. Inabeba 360 hadi 390. Ndani ina betri moja ya risasi, volti 12, ampia-saa 7. Kompyuta na skrini za wati 80 kwa pamoja zitapata dakika 15 hadi 25 betri ikiwa mpya. Betri hizi hupimwa kwa nyuzi 25, na hapa tena kila nyuzi 10 za ziada zinakata umri nusu, kwa hiyo ile miaka mitatu hadi mitano ya kwenye kijikaratasi, kwetu ni miwili hadi mitatu. Jaribu kila baada ya miezi mitatu: hifadhi kazi zako, chomoa plagi ya UPS ukutani, tazama saa. Chini ya dakika tano, badilisha betri, si UPS nzima. Betri ni skrubu mbili na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.

Kabla ya kulipa dukani omba jambo moja: UPS iunganishwe na kompyuta inayowaka, kisha plagi ichomolewe mbele yako. UPS za bei ndogo hutoa umeme wa ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hazielewani nao. UPS inashika zamu na kompyuta inazimika vilevile. Bora ulijue hilo dukani. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hata kidogo, kikaango chake cha ndani kinavuta mamia ya wati kwa mara moja.

Kazi ya UPS ni kukupa muda wa kuhifadhi na kuzima. Anayeitumia kumalizia filamu anaiua betri.

Kulaza

Kwenye Windows kuna njia mbili za kuilaza mashine, na kwa umeme wetu tofauti yake ni kubwa. "Sleep" inaacha kazi zako kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kuendelea kuilisha RAM umeme kidogo. Umeme ukikatika, RAM inasahau kila kitu. "Hibernate" inaandika kila kilichomo kwenye diski kisha inazima kabisa. Unaweza kuchomoa plagi, ukalala, na kesho ukaikuta barua yako ilipoishia. Kwa kompyuta ya mezani visiwani hibaneti ndiyo ya kutumia. Wengine wanahofia itaichosha SSD. Kuandika gigabaiti 8 kila usiku ni terabaiti tatu kwa mwaka. SSD ya gigabaiti 250 huvumilia makumi ya terabaiti, nyingi zinapita 100. Kitu kingine kitaharibika kwanza.

Hibaneti mara nyingi imefichwa. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h on. Kisha ingia Control Panel, Power Options, kwenye mstari wa vitufe vya kuzimia, weka alama kwenye Hibernate itokee kwenye menyu. Hapohapo utaona "Turn on fast startup". Hii ipo tangu Windows 8, na ndiyo sababu mtu anaapa kwamba anazima kompyuta kila siku wakati Task Manager inaonyesha imekaa siku 19 bila kuanza upya: ukibonyeza "Shut down", Windows inalaza kiini chake kwenye diski badala ya kukifunga. Hitilafu ndogondogo zinabaki na kurundikana. "Restart" ndiyo inayoanza upya kikweli. Ondoa alama ya fast startup na kuzima kutakuwa kuzima. Kuna ushauri unaozunguka wa kuiondoa kwa kuandika powercfg /h off. Usiufuate, unaiondoa na hibaneti yenyewe.

Katika mipangilio ya juu ya Power Options kuna "Allow wake timers". Izime. Windows imejipangia matengenezo yake saa nane za usiku, na ikiruhusiwa inaamka yenyewe kuyafanya. Hii ni mojawapo ya sababu za bando kuisha asubuhi bila mtu kugusa kitu. Kama unatumia intaneti ya simu au kiruta cha bando, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi hiyo, washa "Metered connection", masasisho makubwa yasubiri ruhusa yako. Lakini usiyasimamishe moja kwa moja. Tenga siku moja kwa mwezi, wakati bando lipo na umeme umetulia, uyaingize yote, kisha "Restart". Sasisho likikatwa na umeme katikati linaweza kuiacha Windows ikizunguka bila kuwaka, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe UPS ikiwa imejaa, mvua ikiwa haipo.

Mpangilio tunaoupendekeza kwa nyumba ya kawaida ni mwepesi. Mchana ukiondoka kwa dakika chache, skrini ijizime. Ukienda sokoni au msikitini, iache yenyewe iingie hibaneti baada ya dakika 30. Usiku, hibaneti au kuzima, subiri feni isimame na taa ya diski itulie, kisha swichi ya soketi juu. Masika radi zikikaribia, swichi haitoshi: chomoa plagi, na kebo ya mtandao nayo, kwa kuwa pigo linaloingia kwa kiruta linapita kwenye kebo hiyo mpaka madabodi.

Wenye sababu ya kuiacha ikiwaka wapo, mathalani aliyefungia kamera za duka. Kazi hiyo ipewe kijimashine cha wati 5 hadi 10 chenye UPS yake, kompyuta ya familia ipumzike.

Laptopu

Laptopu imezaliwa na UPS yake tumboni, na chaja yake inakubali volti 100 hadi 240. Ikipigwa, mara nyingi inakufa chaja peke yake, na chaja inanunulika. Adui wake ni joto na kujaa. Betri ya lithiamu iliyokaa asilimia 100 siku zote kwenye chumba cha nyuzi 32 inavimba, na dalili ya mwanzo ni kipanya cha kugusa kunyanyuka au kukataa kubonyea. Mashine nyingi zina mpangilio wa kuisimamisha chaji kwenye 80, tafuta kwenye programu ya mtengenezaji au BIOS. Laptopu mpya zikifungwa kifuniko hazilali usingizi mzito. Zinaendelea kupokea barua pepe ndani ya mkoba na kujipika. Kabla ya kupanda boti, hibaneti.

Ukisafiri

Kompyuta itakayokaa wiki tatu bila kutumika ichomolewe na ifunikwe kwa kitambaa. Nailoni inafungia unyevu ndani. Akiwepo mtu nyumbani, masika, aiwashe saa moja kila siku chache ijikaushe kwa joto lake. UPS isiachwe kavu: betri ya risasi ikikaa miezi bila chaji haifufuki, basi kabla ya safari ijaze, kisha zima kitufe chake na uichomoe.

Ukirudi na kompyuta ikapiga bipu bila kuonyesha kitu, usikimbilie kwa fundi. Mara nyingi ni pini za RAM zimeshika kutu nyepesi. Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi kumaliza akiba, toa RAM, sugua pini zake za rangi ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, futa unga wake kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka vishikizo viingie pande zote mbili. Ikiwaka lakini tovuti zote zikidai si salama, tazama tarehe. Betri ya saa, ile ya mviringo CR2032, imekwisha, na kompyuta inadhani ni miaka mingi iliyopita. Vyeti vya tovuti vinaonekana havijaanza hata kufanya kazi. Anayechomoa kila usiku anaitumia betri hiyo zaidi kuliko anayeacha plagi ukutani, kwa kuwa volti 5 za pawa saplai huilindia saa yake. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kuchomoa: betri moja ndogo kila miaka mitatu au minne, inatolewa kwa ncha ya bisibisi, upande wenye maandishi ukitazama juu.